Kodi yetu inaenda wapi? Kaye, simu na mkutano katika Masisi na Walikale



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo linarudi karibu katika kila mkutano tunaofanya pamoja nanyi. Tunaanza na mbegu, tunapita kwenye magonjwa ya mhogo, tunafika kwenye bei ya maharagi. Kabla ya kufunga, mtu mmoja anasimama kule nyuma na kuuliza: hizi franka tunazotoa sokoni na njiani, zinaenda wapi? Hapo mkutano wote unaamka. Na sisi, mara nyingi, hatukuwa na jibu la kutosha.

Siku hizi kuna jibu jipya ambalo kila mtu analirudia: teknolojia. Eti kodi ikilipwa kwa simu, biro ya sekta ikipewa kompyuta, kila kitu kikiwekwa kwenye programu, basi wizi utaisha na barabara itatengenezwa. Tulitaka kujua kama ni kweli. Tukatafuta mahali ambapo walijaribu, karibu yetu na mbali kidogo. Tulichokuta ni hiki: mahali pengine simu ilisaidia sana, na pengine ilileta hasira tu. Simu zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa namna watu walivyoitana, walivyohesabu na walivyojibiana.

Hesabu ya gunia moja

Tuanze na hesabu ya mfano. Kila koperative iweke namba zake yenyewe.

Tuseme koperative ina washirika 60. Kila siku ya soko, kila mshirika anapeleka gunia moja. Sokoni wanatoza franka 500 kwa gunia. Njiani kuna barieri mbili, na kila moja inataka franka 1,000 kwa gunia. Soko ni mara moja kwa wiki, basi tuhesabu masoko 48 kwa mwaka.

Ushuru wa soko ni franka 30,000 kwa siku moja ya soko, na kwa mwaka ni franka 1,440,000. Barieri ni franka 120,000 kwa siku, na kwa mwaka ni franka 5,760,000. Jumla ni franka 7,200,000.

Mtu mwenye gunia moja anaona franka 2,500 tu. Ananung'unika, anatoa, anapita. Lakini koperative nzima imetoa zaidi ya milioni saba kwa mwaka, fedha ambazo zingenunua mbegu za msimu au mabati ya depo. Hakuna aliyeziona zikitoka, kwa sababu zilitoka kidogokidogo katika mikono 60.

Sasa swali la pili: katika hizo milioni saba, ngapi zina kitansi? Tuseme soko linatoa kitansi na barieri hazitoi. Basi ni franka moja katika kila franka tano. Zile nne nyingine hazikuacha alama popote. Hakuna bajeti inayoweza kuzitaja, na hakuna chefu anayeweza kuulizwa juu yake.

Jambo hili si la kijiji kimoja. Mwaka wa 2017, wachunguzi wa shirika la IPIS la Ubelgiji pamoja na wenzao Wakongomani walihesabu barieri katika majimbo yetu mawili. Walikuta zisizopungua 798: 312 katika Kivu ya Kaskazini na 486 katika Kivu ya Kusini. Nyingine zilikuwa za watu wa serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Mkulima anayepita na gunia kichwani hana namna ya kutofautisha. Yeye anasema tu: nimelipa kodi.

Ndiyo maana tunawaomba mtenganishe mambo matatu. Kuna kodi ya sheria inayotolewa kitansi. Kuna kodi ya sheria inayochukuliwa bila kitansi. Na kuna fedha ambayo mtu anainyang'anya tu kwa sababu ana nguvu. Mambo haya matatu yakichanganywa katika neno moja, hamwezi kumuuliza mtu yeyote swali lenye kichwa na miguu.

Mlango gani wa kugonga

Wengi wetu tukiwa na shida tunakimbilia kwa administrateri wa teritwari au kwa chefu wa lokalite. Kwa mambo ya usalama, sawa. Kwa mambo ya bajeti, mlango ni mwingine. Kwa sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, teritwari, grupema na kijiji havina bajeti ya kujiamulia. Wenye mfuko wao na bajeti yao ni mji, komini, sekta na shefferi.

Kwetu Masisi kuna shefferi mbili, Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Katoyi na Osso-Banyungu. Walikale ina sekta mbili, Bakano na Wanianga. Hiyo ndiyo milango sita ya kugonga.

Fedha gani zinapaswa kuingia humo? Kwanza kodi za pale pale, kama ushuru wa soko na kodi ya kichwa. Pili, sehemu inayotoka juu. Katiba ya 2006 inasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na sheria ya 2008 inasema 40% ya sehemu hiyo ya jimbo ni ya serikali hizi za chini. Kila mtu aliyefanya kazi katika biro ya sekta anajua kwamba fedha hiyo inachelewa, inafika pungufu, au haifiki. Lakini imeandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kuulizwa.

Tatu, kwa ndugu wa Walikale, kuna madini. Kodi mbalimbali za madini zinajulikana kwa jina tu, lakini hii ina hesabu iliyo wazi. Kodi ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inagawanya ridevansi hivi: 50% kwa serikali ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa serikali ya chini ambamo mgodi umo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa madini kama kasiteriti, ridevansi ni 3.5%. Yaani kwa kila dola 100 za mauzo, ridevansi ni dola 3 na senti 50, na katika hizo karibu senti 52 ni za sekta. Mtu atasema ni kidogo. Lakini mgodi wa Bisie, ndani ya Wanianga, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka wa 2024. Senti 52 zikizidishwa mara nyingi namna hiyo zinakuwa shule, madaraja na barabara za kutoa mawese na mchele shambani. Mkulima wa Wanianga ana haki ya kujua ziliingia ngapi na zilifanya nini.

Kuna tundu moja katika sheria hii, si kwa maandishi bali kwa vitendo. Ilipangwa kwamba kila sekta na shefferi iwe na baraza la washauri waliochaguliwa na watu, na baraza hilo ndilo lipitishe bajeti. Uchaguzi huo haujafanyika vijijini hata mara moja tangu 2008. Kwa hiyo chefu na watu wa biro yake wanapanga bajeti peke yao, na hakuna tuliyemtuma akae mezani. Simu haiwezi kuziba tundu hilo. Lakini mkutano wa watu unaweza kuliziba kidogo, na mfano wake hauko mbali.

Ng'ambo ya ziwa: simu iliyouliza

Kuanzia mwaka wa 2010 hivi, katika Kivu ya Kusini, serikali ya jimbo pamoja na Benki ya Dunia walijaribu kitu kilichoitwa bajeti shirikishi. Waliingia katika serikali za chini chache za mjini na za vijijini, kama komini ya Ibanda katika Bukavu na shefferi ya Luhwindja katika teritwari ya Mwenga.

Kazi ilienda hivi. Kabla ya mkutano, SMS ilitumwa kwa simu zilizo chini ya antena za eneo lile: njooni siku fulani, mahali fulani, tuzungumze bajeti. Haikutaka intaneti, na simu ya tochi ilitosha. Kwenye mkutano, viongozi walisema fedha iliyopo, watu wakataja shida zao, wakabishana, wakapanga ipi itangulie. Simu ilitumika pia kwa kupiga kura juu ya mambo ya kutangulia. Baadaye SMS nyingine ikatangaza kilichochaguliwa, ili hata aliyebaki shambani ajue. Na kazi ilipoanza, watu waliulizwa tena kwa simu wanaionaje.

Matokeo? Benki ya Dunia iliripoti kwamba fedha zinazotoka jimboni kwenda chini ziliongezeka, na kwamba watu walianza kulipa kodi zaidi kuliko zamani, mahali pamoja mpaka mara 16. Mahali ambapo bajeti yote ilikuwa inaishia kwenye mishahara na kazi za biro, sehemu ilianza kutengwa kwa madarasa, madaraja na vituo vya afya.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili la kodi kuongezeka. Watu wale hawakuanza kupenda kodi ghafla. Walikuwa maskini kama sisi. Kilichobadilika ni kwamba waliulizwa kabla, wakaambiwa baada, na wakaona sehemu ya franka yao ikirudi. Chefu naye alipata faida: kuliko kutuma watu wa kukimbizana na wauzaji sokoni, alipata kodi kwa kuonyesha hesabu.

Lakini tuseme na upande mwingine. Mradi ule ulisimama kwa msaada wa nje. Kazi ya namna hii ikitegemea mfadhili peke yake, siku anapofunga mfuko wake simu zinanyamaza. Kinachobaki ni kile ambacho watu wenyewe walikizoea: siku ya mkutano, namna ya kusoma hesabu, na ubishi wa kuuliza.

Simu iliyochukua bila kujibu

Sasa mfano wa pili, na huu mnaujua wenyewe. Mnakumbuka RAM?

Mwezi wa Septemba 2020 tulianza kuona inite zinakatwa. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kuandikisha simu zetu. Simu ndogo ililipa dola 1 kwa mwaka, simu ya intaneti dola 7. Kwa upande wa teknolojia, kazi ilienda vizuri: hakuna kitansi ya kuandika, hakuna mtoza kodi wa kuzunguka, fedha inatoka yenyewe usiku ukiwa umelala. Kwa upande wa watu, ilishindwa kabisa. Watu hawakuulizwa, hawakuelewa, hawakuona inarudi wapi. Wengi waliita wizi. Kelele zilifika mpaka bungeni, na mwaka wa 2022 kodi ile iliondolewa.

Na kuna mfano wa walimu wetu. Kuanzia 2011, serikali iliamua kuwalipa wafanyakazi wake kwa njia ya benki, ili majina ya uongo yatoke kwenye orodha. Wazo lilikuwa zuri. Lakini benki ziko mjini, na mwalimu wa kijijini alijikuta anaacha darasa siku kadhaa kwa ajili ya kufuata mshahara wake. Ilibidi Caritas iitwe isaidie kupeleka fedha mahali ambapo benki haifiki. Aliyepanga kazi ile alijua kompyuta, lakini hakuuliza barabara ikoje.

Kwa hiyo teknolojia haina upande. Inaweza kumfikishia mtu sauti yake, na inaweza kumchomoa fedha mfukoni haraka kuliko barieri yoyote. Kabla biro yoyote haijaleta mfumo mpya kwenu, ulizeni kwanza: ninyi mtajibu kwa njia gani?

Hata karatasi ukutani ina nguvu

Kama mnafikiri bila kompyuta hakuna kitu, sikilizeni habari ya Uganda. Miaka ya 1990, serikali ya kule ilikuwa inatuma fedha ya kusaidia shule za msingi. Wachunguzi walipofuata hesabu za miaka ya 1991 mpaka 1995, walikuta kwa wastani katika kila shilingi 100 zilizotumwa, zilizofika shule ni 13 tu. Zingine zilibaki njiani, katika mabiro ya wilaya.

Serikali ikaanza kutangaza katika magazeti fedha iliyotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, zilizofika zilikuwa zaidi ya 80 kwa kila 100. Kulikuwa na mabadiliko mengine pia wakati ule, lakini jambo moja liko wazi: mzazi anayejua shule ya mtoto wake ilitumiwa ngapi ana neno la kumwambia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ana neno la kuwaambia watu wa wilaya. Gazeti na karatasi ya ukutani vilifanya kazi hiyo bila intaneti.

Tuanzie nyumbani kwetu

Ndugu washirika, ni vigumu kumdai chefu wa sekta hesabu zilizo wazi kama kaye ya koperative yetu wenyewe iko chini ya godoro la prezidanti. Tuseme ukweli. Tunazijua koperative ambazo mkutano mkuu haujaitwa siku nyingi. Tunazijua ambazo fedha yote iko kwenye namba ya M-Pesa ya mtu mmoja. Mtu huyo akikimbia vita, akigonjwa au akifariki, fedha inaondoka pamoja naye, hata kama alikuwa mwaminifu.

Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative inatuhusu. Inataka mkutano mkuu kila mwaka, mtu mmoja kura moja, na watu wa kusimamia hesabu ambao si wale wa komite inayoongoza. Hayo ndiyo mabadiliko ya kwanza, na hayana gharama kubwa. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, kaye moja ya kodi. Kila anayetoka sokoni anaandikisha tarehe, mahali, bidhaa, kiasi alicholipa, ni kwa kazi gani, na kama alipata kitansi. Jina la aliyepokea halihitajiki.

Pili, anayeshika fedha asiwe yule anayeandika. Hata katika koperative ya watu kumi inawezekana. Watu wawili wanaohesabu kitu kimoja wanalindana, na yule mwaminifu ndiye anayepata faida zaidi, kwa sababu hakuna atakayemsingizia.

Tatu, kitansi zote zikae pamoja katika bahasha ya mwezi. Mwenye simu ya kamera apige picha, kwa sababu nyumba zinaungua na karatasi inalowa.

Nne, fedha ya simu isiwe ya mtu mmoja. Kama koperative ina karatasi zake, namba iandikishwe kwa jina la koperative. Kama bado, washirika watatu wawepo kila fedha inapotolewa, na ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money usomwe mbele yao kabla haujafutwa.

Tano, mwisho wa mwezi jumla isomwe mbele ya wote, halafu itumwe kwa SMS fupi. Kwa ile koperative yetu ya mfano, ingekuwa hivi: «Juni. Magunia 240. Ushuru wa soko 120,000. Barieri 480,000. Zenye kitansi 120,000. Mkutano Jumapili saa nane.» Maneno machache tu, lakini kila mshirika sasa anajua kitu ambacho zamani hakuna aliyekijua.

Halafu twende kwenye biro, tukiwa na namba

Koperative ikifika kwa chefu na malalamiko, itapewa maneno. Ikifika na kaye ya miezi sita, mazungumzo yanabadilika. Na kama koperative tatu au nne za sekta moja zinakuja pamoja na namba zinazofanana, chefu mwenyewe anaweza kuona kwamba kuna fedha inachukuliwa kwa jina lake bila kufika kwake. Msimtangulie kwa kumshitaki. Mara nyingi naye amekosa fedha hiyo.

Ni nini cha kuomba? Vitu vinne ambavyo biro yoyote inaweza kuvifanya hata bila kompyuta.

Bei za kodi zibandikwe sokoni, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa: gunia ni ngapi, mbuzi ni ngapi, meza ni ngapi.

Kitansi ziwe na namba zinazofuatana, na kila mtoza kodi ajulikane amepewa kitabu gani. Kitabu kikirudi, namba zinahesabiwa. Mahali rezo ipo, kulipa kwa namba ya simu ya biro kunasaidia zaidi, kwa sababu fedha haipiti mkononi mwa mtu. Tanzania tangu 2017 wanatumia namba maalumu kwa kila malipo ya serikali: unapewa namba yako, unalipa kwa simu au benki, na malipo yanajulikana ni ya nini.

Watu wa kazi watenganishwe. Sheria yetu ya fedha za umma, namba 11/011 ya tarehe 13 Julai 2011, inatenganisha anayeamuru fedha itoke na anayeitunza. Pale ambapo mtu mmoja anatoza, anaandika na kutumia, hata kompyuta mpya itaandika uongo mzuri tu.

Na mwisho, siku moja ya mkutano kila miezi mitatu, ambapo biro inasema: ziliingia hizi, zilitoka hizi, zimebaki hizi. SMS na radio ya pale ziwaite watu kabla na ziwaambie maamuzi baada. Kama ilivyokuwa ng'ambo ya ziwa, mambo matatu: kuita, kuzungumza, kurudisha jibu. Likikosekana la tatu, mara ya pili watu hawatakuja.

Tahadhari nne

Tunaandika haya tukijua tunaishi wapi. Tangu Mei 2021 jimbo letu lilikuwa chini ya uongozi wa kijeshi, na tangu mwanzo wa 2025 vita vimebadilisha mengi: mabiro yamefungwa au yamebadilisha wenyeji, benki za Goma zilifunga milango, na kutoa franka kwenye simu kukaanza kula sehemu kubwa ya fedha yenyewe. Mahali ambapo leo hamwezi kwenda kwenye biro yoyote, anzeni na yale mambo matano ya nyumbani. Yatawafaa sasa, na siku biro itakapofunguka mtakuwa tayari.

Tahadhari ya kwanza: hakuna kitansi yenye thamani ya uhai wa mtu. Kwenye barieri ya wenye silaha usiulize, usiandike, usipige picha. Lipa, pita, andikisha ukifika nyumbani.

Ya pili: orodha ni kitu cha hatari. Majina ya washirika, namba zao za simu, mashamba yao na kabila lao vikiwekwa pamoja na kuangukia mikono mibaya, vinaweza kuua. Andikeni kile tu kinachohitajika, kabila kamwe. Akija mtu au shirika, hata sisi wenyewe, na kuomba orodha yenu, mwulizeni anaitaka kwa kazi gani, ataiweka wapi, na nani ataiona. Tangu 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, na sheria hiyo inalinda habari za mtu binafsi. Mna haki ya kukataa.

Ya tatu: katika nyumba nyingi simu ni ya bwana. SMS ya mkutano ikifika kwake tu, mama anayelima, anayebeba gunia na anayelipa ushuru hatasikia. Basi tangazo lipite pia kanisani, msikitini, kwenye kituo cha afya na sokoni kwa kipaza sauti, na mkutano upangwe saa ambayo wamama wanaweza kufika. Na mkutanoni kila mtu azungumze lugha anayoiweza, Kiswahili, Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga au Kitembo, mwingine atafsiri.

Ya nne: rezo inakatika. Kuna vijiji vya Walikale ambako mtu anapanda mlima kwa ajili ya kupata mesaje moja. Kwa hiyo kaye ya karatasi ndiyo mama, simu ni mtoto wake. Kinachotumwa kwa simu kiwe kimeandikwa kwanza kwenye kaye.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano wenu

Soma sehemu hii kwa sauti, halafu nyamazeni kidogo kabla ya kujibu.

Mwezi uliopita, koperative yetu ililipa kiasi gani sokoni na njiani? Kama hakuna anayejua, nani ataanza kuandika, na kuanzia siku gani?

Fedha yetu ya simu iko kwa jina la nani? Akiondoka leo usiku, kesho tutafanya nini?

Ni lini mara ya mwisho tulisoma hesabu mbele ya washirika wote, na wamama walikuwa wangapi?

Kama chefu wa sekta au shefferi yetu angekubali kutupokea wiki ijayo, tungemwonyesha namba gani?

Yule mtu anayesimama kule nyuma ya mkutano na kuuliza franka zinaenda wapi, asikatazwe tena kwa kuambiwa saa imeisha. Swali lake liwekwe mwanzoni, kabla ya mbegu na kabla ya bei. Apewe kaye na kalamu.